Masereka Mmoja kwa Kila Kijiji

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimegeuza kahawa kwenye turubai mara tatu tangu asubuhi, mikono inanuka maganda, lakini lazima niandike kabla furaha haijapoa. Mimi ni mtu wa bahati. Nasema wazi, bila aibu. Radi ikishuka huku mlimani inapiga wengine, kwangu inasalimia tu na kupita. Enzi zangu za utingo malori matatu yalipinduka nikiwa juu ya mizigo, na mara zote tatu nilitua kwenye majani. Nimekula Goma, nimelala Bunia, Kisangani nimefukuzwa kwa ajili ya mke wa afande, na bado meno yote ninayo isipokuwa mawili.

Leo serikali yenyewe imenikumbuka. Simu ilitetema kwenye mfuko wa shati. "Masereka Z., umekubaliwa. Hela ya kupanda kahawa upya imetumwa." Nikasoma mara tano. Nikamsomea mbuzi. Nikamsomea Mama Masika, mke wangu, naye badala ya kupiga vigelegele akauliza, "Wewe ulijiandikisha lini?" Mwanamke huyu ukimletea pilau anauliza moto uliwashwa na nani. Nikamwambia wanaume wana mambo yao.

Ndiyo maana daftari hili naandika kwa Kiswahili. Yeye hakisomi. Mimi nimelipwa kwa Kiswahili, nimepigwa kwa Kiswahili, basi na siri zangu zikae humo.

Hela ya kutosha ng'ombe mmoja mwenye mimba, na soda juu yake. Kijiji kizima kitajua Zakaria ni nani.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Siku ya soko. Bwera imejaa, pikipiki kama senene. Sikubeba mzigo wa mtu leo. Nilitembea mikono mfukoni kama mkaguzi.

Kwa ajenti wa hela ya simu foleni ilifika barabarani. Mama mnene mwenye miwani. Akaangalia kitambulisho, akaangalia simu, akasema, "Masereka Z.?" Nikasema ndiye huyu, mzimamzima. Akakata yake. Ya nini? "Ya mtandao." Kutoka nje, mwanaume mmoja wa kikundi cha wakulima ananingoja mlangoni kama vile nimempa binti yake mimba. Naye akakata yake. Ya nini? "Ya kikundi." Kikundi gani? Hata kiti chao sijawahi kukikalia.

Wezi. Naandika kwa wino mzito: wezi. Hela inaondoka Kampala imenona, ikifika kwa mkulima imekonda hadi mbavu unazihesabu. Watu hawa wanakula jasho ambalo hata harufu yake hawaijui. Nilikasirika hadi nikakosea njia ya kwangu mwenyewe.

Nilimnunulia Mama Masika kitenge kwa Maman Kavira, yule wa Butembo anayepanga bidhaa karibu na daraja. Akaona noti.

"Papa Masika! Leo uko na makuta. Uliiba kanisa?"

"Serikali imenipenda, maman."

"Serikali haipendaka mutu. Angalia muzuri, labda ilipenda mwingine."

Wakongo wana mdomo. Nikalipa bila kuomba apunguze. Hiyo ilimnyamazisha.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Orodha imebandikwa kwa mwenyekiti, kwenye mlango wa stoo. Watu walikuja mbio, wakaondoka kimya.

Baluku mmoja. Bwambale mmoja. Masereka mmoja. Kule mmoja. Thembo mmoja. Upande wa wanawake Masika mmoja, Biira mmoja. Basi. Kama Nuhu anaingiza wanyama, na hata Nuhu alichukua wawiliwawili.

Sasa huku kwetu mtoto wa kiume wa kwanza ni Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, nyumba yoyote, ukoo wowote, tajiri au maskini. Ita Masereka sokoni, watageuka watu ishirini. Siku ya kuandikisha uwanja wa kanisa ulijaa hadi nje. Mwenyekiti anasema huko ofisini mtu amekaa na kalamu akakata majina "yaliyorudiwa". Bwambale wanane walisimama mbele ya ule mlango wakitazamana kama wanaume wanane waliogundua wameoa mke mmoja.

Masereka aliyebakizwa kwenye orodha ni Masereka Z. Macho yote kwangu. Mwenyekiti akakuna shingo.

"Zakaria, siku ile ya kuandika sikukuona."

"Uliangalia juu, mwenyekiti. Mimi ni mfupi."

Wakacheka. Watu wakicheka hawaulizi tena. Mimi shule niliacha darasa la sita, lakini hilo nililishika.

Jioni alikuja ndoyi wangu, Masereka Zebedayo, wa nyumba ya juu kabisa kabla ya msitu. Ndoyi ni yule mnayeitwa jina moja, na Masereka wako wengi, lakini mimi na yeye ndio tunaitana hivyo kwa mdomo, tangu nilipokuwa na suruali fupi na yeye tayari ana mke. Akichinja ananipa shingo. Nikichinja nampa shingo. Hatujawahi kuruka hata mara moja.

Mwaka jana mlima ulimshukia. Mvua ya siku mbili, kipande cha mlima kikateremka na kahawa yake yote hadi mtoni, miti ikiwa imesimama wima kana kwamba inasafiri. Pamebaki udongo mwekundu, kama kidonda. Simu hana. Wasio na simu huandikisha namba ya jirani, na namba yangu nimewapa wengi, mimi ni mtu wa watu.

Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Ndoyi, ile meseji yangu ilishakuya?"

Nikasema bado. Nikasema wamechukua Masereka mmoja tu kwa kijiji, na safari hii ni mimi.

Alifikiri kidogo. "Basi imebaki mu jamaa," akasema. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanipongeza, akapanda.

Chai niliyompa hakuimaliza.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Leo nimekula kama mfalme na nimelisha kama mfalme. Baada ya kanisa niliita watu kumi kwenye kile kibanda cha nyama, nikawaambia wachague wenyewe sehemu wanayotaka. Mjane wa Kule nimempa sabuni na sukari. Mwanamke mmoja wa Beni, mkimbizi, mtoto wake alikuwa hospitali ya Bwera na dawa amekosa, nikanunua dawa. Alipiga magoti mbele za watu. Nikamwinua, nikasema inuka, maman, mimi si askofu.

Mtu akisema Zakaria ana mkono mfupi, huyo ni kipofu.

Kwa ndoyi nimepeleka gunia nusu la maharage na kuku. Nilipanda nayo mwenyewe kichwani. Mkamwana wake tumbo limefika puani, mume wake yuko Congo anachimba dhahabu na haijulikani anachimba wapi. Wana wavulana wawili tayari. Huyu akija mwanaume atakuwa Masereka, tukawa wengi zaidi.

Zebedayo alimshika yule kuku, akampapasa kifua, akasema, "Ndoyi, hii ni mingi. Mungu akuongeze." Machozi yalimlenga. Kwa kuku.

Niliteremka haraka.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Miche imefika. Mauzo ya miche ya ruzuku yanafanywa na mtu mmoja tu aliyechaguliwa na wakubwa. Huwezi kununua kwa mwingine, risiti ya mwingine haikubaliki. Kwa hiyo anauza anavyotaka. Nimefungua mifuko nyumbani. Mche mmoja hai, mmoja mizizi imeoza. Mmoja hai, mmoja hauna mizizi kabisa, ni kijiti kimechomekwa kwenye udongo na kupewa majani kwa imani.

Nilirudi kwake. Akaniambia, "Mzee, umepewa bure, unalalamika?"

Bure! Nilimwambia maneno ambayo nilijifunza Bunia. Hakuyajua yote lakini aliyahisi.

Serikali inatoa kwa mkono mmoja, watu wake wanasubiri kwenye mkono wa pili. Kuanzia ajenti hadi huyu wa miche, hakuna aliyeshika jembe. Wote wameshiba kwa jina la mkulima. Kama ningekuwa rais siku moja tu, wangechota chumvi kwenye ziwa la Katwe hadi waombe msamaha.

Nimepanda miche mia na kumi iliyo hai kati ya kahawa yangu ya zamani. Imebanana. Shamba langu kwa kweli halikuhitaji.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Ndoyi amekwenda Katwe. Kuchota chumvi.

Mke wake alinikuta sokoni akaniambia. Amesema atafanya hadi apate hela ya miche, kisha arudi apande kabla mvua haijaisha. Ana umri wa miaka sitini na nne.

Nilimwambia mama huyo kwamba ndoyi ni mgumu, atarudi na misuli. Hakucheka.

Niliandika kitu kuhusu Katwe juzi. Nimekiona hapo juu. Nimetaka kuuchana ule ukurasa, nikaona ni upumbavu.

Jumanne, tarehe 25 Machi

Madamu wa ofisi alikuja kukagua. Gari nyeupe, viatu vyeupe, tope lilifurahi. Ni mtu wa mbali, kwao majina ni mengine. Lugha yetu hajui, mimi Kiingereza changu kilibaki darasa la sita, basi akasema nami Kiswahili cha kambini. Sijui alikiokota wapi, labda ameolewa na sajini.

"Wewe! Masereka Z.?"

"Ndiye, madamu."

"Simama hapo. Shika mti. Hapana, hiyo kubwa. Cheka."

Akapiga picha. Nilicheka. Kisha akafungua karatasi zake, akaanza kusoma kwa sauti, mwenyekiti amesimama pembeni, Mama Masika amesimama mlangoni na ungo.

"Umri, sitini na nne." Akanitazama. "Sitini na nne? Wewe iko kijana."

"Ni theluji, madamu. Tunakaa karibu na barafu ya mlimani, hatuozi."

Akacheka. Mwenyekiti hakucheka.

"Shamba, juu kabisa karibu na msitu. Kahawa ilibebwa na mlima." Akageuka, akaangalia kahawa yangu imesimama yote, imenenepa, inang'aa. "Mlima ilibeba gani?"

"Ya nyuma, madamu. Ilibebwa vizuri sana, ndiyo maana huioni."

Akaandika alama. Hakutaka kuchafua viatu kwenda nyuma. Hivyo tu. Nikaona jinsi ilivyo rahisi.

Nilitakiwa ninyamaze. Lakini mdomo wangu haujui kukaa. Nikamuuliza kwa nini walikata watu. Akanyoosha kidole.

"Masereka kumi na moja! Familia moja inataka kula mara kumi na moja? Bwambale nane! Mimi si mujinga. Sheria ni nyumba moja, hela moja."

Nikamweleza. Kwamba Masereka si ukoo. Kwamba ni mtoto wa tatu tu, wa nyumba yoyote, hata yeye angezaliwa hapa mvulana wa tatu angeitwa Masereka. Kwamba Bwambale wanane wana baba wanane, na baba hao wengine hawasalimiani. Mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali.

Kalamu ya madamu ilisimama. Aliangalia ile karatasi muda mrefu, kidole kikishuka kwenye mistari. Niliona kabisa amefahamu. Uso ulimbadilika.

"Orodha imefungwa," akasema. Akapanda gari.

Yaani ndivyo. Mtu mmoja hajui jina ni nini, na wakulima wa kijiji kizima wanakosa. Na akishajua, imefungwa. Nilitaka kumrushia tope. Nilikuwa nalo mkononi. Kisha nikakumbuka picha iliyoko kwenye simu yake, mimi nacheka, nimeshika mti.

Mwenyekiti aliondoka bila kuniaga. Mama Masika alirudi kupepeta. Ungo ulikuwa na kelele kuliko siku zote.

Jumatano, tarehe 26 Machi

Mvua. Sina la kuandika.

Jumamosi, tarehe 29 Machi

Hajji alisimamisha lori mbele ya kibanda cha chai. Hajji ni wa Kasese, anapakia chumvi Katwe kupeleka Congo, tumefahamiana tangu malori yalipokuwa na pua. Kwa kawaida tunatukanana nusu saa kabla ya salamu. Leo hakutukana.

"Masereka, yule mzee wenu anakufa miguu."

"Mzee gani?"

"Wallahi unamjua. Yule wa jina lako. Yumo majini na vijana. Vidonda hivi." Akaonyesha kiganja. "Nimemwambia panda nikurudishe bure. Amekataa. Anasema bado miche."

Kila mtu kwenye kibanda alinitazama. Au labda hakuna aliyenitazama.

Nimemwambia Hajji Jumatatu nakwenda naye.

Sikuchekesha mtu leo. Mwenye kibanda aliniuliza kama nina malaria.

Jumatatu, tarehe 31 Machi

Hajji aliniteremsha Kikorongo, ana tairi la kubadilisha. Nimekuwa nikisimama pale njia panda miaka thelathini, kila muuza samaki ananiita kwa jina. Mmoja akapiga kelele, "Zakaria! Siku ile ulikula ngege wawili ukaondoka unaimba! Leo vipi?" Nilijua ni siku gani anayosema. Nikatafuta pikipiki upesi.

Njiani magari ya watalii yanaelekea Mweya, wazungu wamesimama wametoa vichwa juu ya paa kuangalia tembo. Mbele kidogo kuna watu wamezama majini hadi kifuani. Hakuna anayesimama kuwaangalia hao.

Ziwa lile linanuka mayai mabovu. Maji mekundu kama ya kuoshea nyama. Nilimwita kutoka ukingoni, nikaita "Masereka!", wakageuka wanne. Hata Katwe. Yeye akatoka mwisho, polepole, anasukuma mbele yake mabamba ya chumvi juu ya magogo.

Alipotoka nikaona miguu. Kutoka paja kushuka imekuwa nyeupe, imepasuka kama udongo wa kiangazi, na katikati ya nyufa ni nyama. Amefunga vitambaa. Vitambaa vimeshikana na ngozi.

"Ndoyi," akasema, anacheka, "niko nakauka kama samaki. Mutanipeleka Bwera muniuze."

Nikageuza macho kwenye ziwa badala ya kucheka. Mimi. Zakaria.

Akanionyesha kifuko shingoni. Ameshapata ya miche thelathini, akaze wiki tatu hivi apate ya hamsini, ndipo arudi. Nikamwambia mvua itakuwa imeisha. Nikamwambia miche ipo, twende nyumbani.

"Ya nani?"

"Ya Masereka."

Akanitazama sana. Kisha akakubali, nafikiri kwa sababu miguu ilikuwa imeshaamua. Nilimbeba mgongoni hadi barabarani. Ni mwepesi. Mtu mzima, na ni mwepesi kama gunia la pamba.

Hospitali ya Bwera wameosha vidonda. Muuguzi alivuta vitambaa kimoja kimoja. Zebedayo alinishika mkono, mikono miwili, kama siku ile mlangoni.

Alhamisi, tarehe 3 Aprili

Tangu juzi nang'oa miche yangu na udongo wake, mmoja mmoja, naifunga kwenye majani ya mgomba, napandisha juu. Safari kumi na nne kwa siku. Nimeuza baiskeli na yule mbuzi niliyemsomea meseji. Nimeongeza miche mizuri kutoka kwa mtu wa kando asiye na risiti wala baraka za wakubwa. Yake yote ina mizizi.

Mama Masika alikuja shambani akasimama.

"Unahamisha kahawa ya serikali?"

Nikasema ndiyo.

"Nilikuuliza ulijiandikisha lini," akasema. Kisha akavua kile kitenge kipya alichofunga, akakifanya kata, akaweka miche kichwani, akapanda mbele yangu. Hakusema neno hadi juu. Wala kushuka.

Mwenyekiti alituona. Asubuhi hii nilimkuta kule juu na jembe, anachimba mashimo. Naye hakusema. Hiki kijiji kikikunyamazia ni kibaya kuliko matusi ya Bunia.

Jumapili, tarehe 6 Aprili

Mvua nyepesi asubuhi, kisha jua. Mvua ya miche hiyo.

Nilipanda baada ya kanisa. Zebedayo amekaa nje kwenye ngozi ya mbuzi, miguu imepakwa samli na dawa, ameinyoosha mbele yake kama kitu alichonunua. Anahesabu miche kwa macho. Ile ardhi nyekundu sasa ina mistari ya kijani, bado midogo, ukitazama kwa mbali huioni.

Mkamwana amejifungua Ijumaa. Mvulana. Kwa hiyo Masereka.

Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani. Nimeyapanga kwa Lhukonzo, lugha yetu, ili nisiweze kuyakimbia. Nikakaa. Nikafungua mdomo. Zebedayo akaniwahi.

"Ndoyi, tumepata jina la ubatizo. Tumesema Zakaria. Na wewe ndiye utamshika mbele ya padiri."

Wakamleta, wakaniwekea mikononi. Amelala, ngumi zimefungwa. Masereka Z. mwingine.

Nikasema asante. Ni hilo tu lililotoka. Nikamshika muda mrefu, kisha nikamrudisha, nikashuka.

Sasa nimekaa na daftari. Nimerudi ukurasa wa kwanza nikasoma. Hakuna anayesoma hili daftari ila mimi, na bado nilimwandikia uongo huyo mmoja.

Siku ya kuandikisha sikuwepo. Nilikuwa Kikorongo nakula ngege. Zebedayo ndiye alisimama foleni tangu alfajiri, na wiki moja kabla alikuja kuniomba namba ya simu, nikamwandikia kwenye kipande cha boksi la sabuni. Ile meseji ilikuwa yake. Nilijua ilipotetema, kabla sijamsomea mbuzi.

Mimi sikuwa na bahati yoyote.